Niko Kadi! Bahati Ni Ngapi na Ujanja Ni Ngapi Kwenye Mashindano ya Karata?

Kila kijiwe kina ule msee. Akishinda, anakwambia ni akili. Akichapwa, anakwambia karata zilikuwa mbaya, ama aliyechanganya ana mkono mbaya, ama kuna mtu amemwekea nuksi. Iwe unacheza chini ya mwembe kule Chara, kwenye stage ya boda pale Garsen ukingoja abiria, ama online na mtu wa Japani usiyemjua, hilo bishano halijawahi kuisha.

Leo tulimalize. Hii hapa ni kila kitu unachofaa kujua kuhusu bahati na ushindi kwenye karata: Kadi yetu ya mtaani, zile karata za kukusanya kama Magic, Pokémon na Yu-Gi-Oh!, na jinsi ya kuandaa shindano ambalo mshindi wake hatabishaniwa mwaka mzima.

Kwa haraka haraka

- Gemu moja ya karata haithibitishi chochote. Mtu yeyote anaweza kumpiga yeyote.
- Ujanja huonekana kwenye gemu nyingi, mos mos.
- Mfumo wa shindano (mtoano, makundi, gemu moja ama tatu) unaamua bahati itakula kiasi gani.
- Usiweke pesa ya unga kwenye kitu ambacho hata mkali wao hupoteza mara nyingi.

Kadi inachezwaje?

Kama umelelewa Kenya labda unajua, lakini kila kijiwe kina sheria zake, so tukubaliane kwanza. Wengine huiita poka, ingawa haina uhusiano na ile poka ya kasino.

Pakiti ina karata 52 na jokeri 2, jumla 54. Kila mchezaji anapewa karata chache, mara nyingi 4. Moja inafunuliwa mezani. Ukifikiwa, unaweka karata inayofanana na ya juu kwa ua ama kwa namba. Huna? Okota.

Halafu kuna zile zenye kazi maalum:

- 2, 3 na jokeri ni za kulisha. 2 inamlisha anayefuata karata mbili, 3 inamlisha tatu, jokeri inamlisha tano.
- A inazuia kulishwa. Pia unaweza kuitumia kuomba ua unalotaka.
- J inamruka mtu.
- K inageuza mzunguko.
- 8 na Q ni maswali. Ukiuliza, lazima ujibu mwenyewe, ama uokote.

Ukikaribia kumaliza lazima utangaze "niko kadi" mapema. Ukisahau, hakuna kumaliza. Na huwezi kumaliza kwa karata maalum. Unamaliza kwa za kawaida: 4, 5, 6, 7, 9 na 10.

Je, wajua? Neno "karata" limetoka kwa Wareno. Hata majina ya zamani ya maua, ambayo wazee wa Pwani wanayajua, ni ya Kireno: kopa, shupaza, uru na pau. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakapoteza Fort Jesus mwaka 1698. Waliondoka, maneno ya karata yakabaki.

Bahati inaingilia wapi?

Tofautisha karata na bao ama drafti. Ukicheza drafti na vifuniko vya soda, kila kitu kiko wazi mbele yenu. Hakuna kilichofichwa, hakuna kilichochanganywa. Ukichapwa, umechapwa. Ndiyo maana mzee mkali wa bao anaweza kukaa miaka bila kijana wa kumsumbua.

Kwenye karata, bahati huingia kupitia milango miwili: karata ulizopewa, na zile utakazookota. Hiyo milango ina hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu:

- Ukipewa karata 4 kutoka pakiti ya 54, utapata angalau A moja karibu mara 27 kwa kila 100.
- Utapata angalau jokeri moja karibu mara 14 kwa kila 100.

Maana yake, karibu mara 3 kwa kila 4 unaanza gemu bila A hata moja. Hujalogwa. Hiyo ndiyo kawaida. Ukianza bila A, umeanza kama watu wengi wanavyoanza.

Ujanja unaingilia wapi?

Hapa ndipo wengi huchomeka. Wanadhani ujanja ni kupata karata nzuri. Ujanja ni kuamua vizuri na zile ulizo nazo.

Tuchukue mfano. Mko wawili. Mezani kuna 4 ya pau. Mwenzako amebaki na karata moja na ashatangaza kadi. Wewe una tatu: A, 6 ya kopa na 9 ya kopa. Zamu ni yako. Unafanya nini?

Unaweka A, sawa. Lakini unaomba ua gani? Kama umekuwa ukihesabu, unajua karata 30 hujaziona: moja anayo yeye, zingine ziko kwenye rundo. Za kumalizia ni zile sita za kawaida katika kila ua. Za kopa, wewe unashika mbili, na 5 ilishatoka. Zimebaki 3. Shupaza hakuna hata moja ya kumalizia iliyotoka, so zote 6 bado ziko huko nje.

Ukiomba shupaza, nafasi yake ya kumaliza ni 6 kwa 30, yaani 2 kwa 10. Ukiomba kopa, ni 3 kwa 30, yaani 1 kwa 10. Na kopa ndiyo unayohitaji wewe mwenyewe.

Unaomba kopa. Anacheka, anaweka 7 ya kopa, amemaliza. Kijiwe kizima kinakupigia kelele.

Umekosea? Zii. Umefanya uamuzi sahihi na umepoteza. Hiyo moja kwa kumi ndiyo imetokea, na lazima itokee siku moja. Mchezaji mbaya angebadilisha uchezaji wake kwa sababu ya hiyo gemu. Mchezaji mkali angerudia vilevile kesho, kwa sababu anajua mara tisa zilizobaki ni zake.

Mkulima wa Delta ya Tana analijua hili bila kufundishwa. Anachagua mbegu, anachagua shamba, anapanda kwa wakati. Mto ukija kwa kiasi, anavuna mpunga. Mto ukizidi, kama mafuriko ya El Niño ya mwisho wa 2023, shamba linaenda. Hakuna mtu mwenye akili atamwambia hajui kulima kwa sababu ya mafuriko. Na hakuna mtu ataacha kuchagua mbegu eti kwa sababu mto ndio huamua.

Mambo manne ambayo mkali wa Kadi hufanya na wengine hawafanyi:

1. Anahesabu za kulisha. Kwenye pakiti kuna 2 nne, 3 nne na jokeri mbili, jumla 10. Zikiisha kutoka, hofu imeisha.
2. Anakumbuka mtu aliokota wakati gani. Mtu akiokota kukiwa na uru mezani, wakati huo pengine hana uru. Hiyo ni habari ya bure.
3. Anatumia A kwa wakati wake. Ukiitumia mapema utalishwa. Ukiing'ang'ania hadi mwisho utakwama nayo, maana haimalizi.
4. Anapanga mwisho tangu katikati. Karata mbili za kawaida za ua moja mkononi ni mali kuliko jokeri.

Na hizi karata za Pokémon na Magic?

Hapa mambo yanabadilika kidogo, kwa sababu kila mchezaji anakuja na pakiti yake aliyoitengeneza mwenyewe.

Magic: The Gathering ndiyo iliyoanzisha mtindo huu mwaka 1993. Aliyeibuni ni Richard Garfield, Mmarekani aliyesomea hisabati. Karata za Pokémon zilitoka Japani mwaka 1996, na Yu-Gi-Oh! ya karata, pia ya Japani, ikafuata mwaka 1999.

Kwenye Magic, pakiti yako ina karata zisizopungua 60, na kila karata unaruhusiwa nakala 4 tu, ukiondoa zile za ardhi za kawaida. Unaanza na 7 mkononi. Ukiweka nakala zote 4 za karata unayoitegemea, utaanza nayo karibu mara 40 kwa 100. Kwenye Yu-Gi-Oh! unaanza na karata 5, nakala ni 3, na pakiti kuu ni kati ya 40 na 60. Ukibeba 40, utaanza na karata yako ya nguvu karibu mara 34 kwa 100. Ukijaza hadi 60, nafasi inashuka hadi 23. Ndiyo maana wakali wengi hubeba pakiti nyembamba. Huo ni ujanja uliofanyika kabla hata ya kukaa mezani.

Waliobuni gemu hizi pia waliweka breki za bahati mbaya. Kwenye Magic, mkono ukiwa mbovu unaweza kuurudisha, ukachukua 7 mpya, kisha ukaweka moja chini ya pakiti. Kwenye Pokémon, kama huna hata Pokémon mmoja wa kuanzia, unaonyesha mkono wako na kuchanganya upya, na mwenzako anaweza kuokota karata ya ziada.

Je, bahati inamzuia mkali kushinda mara nyingi? Muulize Mjerumani Kai Budde. Alishinda Pro Tour ya Magic mara 7, mashindano yenye mamia ya wachezaji wakali kutoka dunia nzima. Mtu anaweza kubahatika mara moja. Mara saba? Hapana.

Karata hizi za dukani ni ghali na si rahisi kuzipata Garsen, lakini simu imefungua njia. Yu-Gi-Oh! Master Duel ilitoka mwaka 2022, na Pokémon TCG Pocket ikatoka Oktoba 2024. Ukizipakua, kuwa na rada na kitu kimoja: kufungua pakiti za kununua ni bahati nasibu tupu. Hakuna ujanja pale. Bando na pesa zitaisha na bado ile karata unayoitaka haijatoka.

Mbona msee mkali anatolewa raundi ya kwanza?

Sasa tuje kwenye shindano lenyewe. Chukua mtu mkali kweli, ambaye anamshinda yeyote kijijini gemu 60 kwa kila 100. Mweke kwenye shindano la watu 16, mtoano, gemu moja moja. Anahitaji kushinda mara nne mfululizo.

Atachukua kombe karibu mara 13 kwa 100. Peke yake.

Umesoma vizuri. Mkali wa kijiji, bingwa anayejulikana na kila mtu, atarudi nyumbani mikono mitupu mara 87 kwa 100. Bado yeye ndiye mwenye nafasi kubwa kuliko wengine, maana kila mmoja wao ana karibu 6 tu. Lakini ukimcheka eti "leo umeshikwa", unacheka kitu ambacho hesabu ilishakwambia kitatokea.

Tazama kinachofanyika mkiongeza gemu kwenye kila mechi:

- Gemu moja: anashinda mechi mara 60 kwa 100, na kombe mara 13.
- Mbili kati ya tatu: mechi karibu mara 65, kombe karibu 18.
- Tatu kati ya tano: mechi karibu mara 68, kombe karibu 22.

Gemu zikiongezeka, bahati inapungua makali. Haiishi, lakini inapungua.

Mkiandaa shindano Chara, pangeni hivi

Tuseme mko 16 na mna siku nzima. Msiende mtoano moja kwa moja, maana nusu ya watu watakuwa watazamaji kabla chai haijapoa. Tumieni mfumo wa Uswisi, uliotumika kwanza kwenye shindano la chesi mjini Zürich mwaka 1895, na ambao mashindano makubwa ya karata duniani hutumia hadi leo.

Ni rahisi:

1. Raundi ya kwanza, pangeni wawili wawili kwa kura.
2. Raundi inayofuata, mwenye pointi anacheza na mwenye pointi sawa na zake. Walioshinda kwa walioshinda, waliopoteza kwa waliopoteza.
3. Hakuna anayetolewa. Kila mtu anacheza raundi zote nne.
4. Msirudie watu wawili waliokwisha kukutana.
5. Baada ya raundi nne, mmoja tu atakuwa hajapoteza. Chukueni wanne wa juu, wacheze nusu fainali na fainali.

Kila mechi iwe mbili kati ya tatu. Fainali iwe tatu kati ya tano. Mnahitaji pakiti 8, daftari moja na mtu mmoja wa kuandika ambaye hachezi.

Na mambo matatu ya kuzuia vita:

- Sheria zisomwe kwa sauti kabla ya kuanza. A ya shupaza inafanya nini? Unaweza kuweka 2 juu ya 3 ukilishwa? Malizeni hayo asubuhi, si saa kumi jioni watu wakiwa na hasira.
- Changanyeni vizuri. Wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha mwaka 1992 kwamba pakiti ya 52 inahitaji kuchanganywa karibu mara 7, kwa ile njia ya kugawa mara mbili na kuingiza karata kati ya karata. Mara mbili haitoshi, zile za gemu iliyopita zitatoka zikiwa zimeshikana.
- Anayechanganya asiwe anayekata. Mmoja achanganye, mpinzani akate. Uchawi mwingi wa karata huishia hapo.

Na dooh je?

Hapa tuongee ukweli, kwa sababu hapa ndipo watu huumia.

Chukua lile shindano la mtoano la watu 16. Kila mtu anatoa soo, mshindi anabeba 1,600. Yule mkali wetu, kwa wastani, anapata kama 207 kwa kila soo anayotoa. Kwenye karatasi ni biashara tamu. Lakini mara 87 kwa 100 anatoka na sufuri. Anaweza kupoteza mara kumi mfululizo bila kukosea chochote, na hiyo si ajabu: kwake hutokea karibu mara 25 kwa 100. Kama ile soo ilikuwa ya mafuta ya boda ama ya mbolea, pesa itaisha kabla ujanja haujapata nafasi ya kulipa.

Huyo ni mkali. Wewe wa kawaida? Kwa wastani unapata pungufu ya soo yako, na wakati mwingi hupati kitu.

Kosa kubwa ni la yule aliyeshinda mara mbili Jumamosi, akaamini amepata kipaji, Jumapili akaweka mapato ya wiki nzima. Kushinda mara mbili mfululizo, mtu wa kawaida kabisa hufanya hivyo mara 25 kwa 100. Hakuna aliyempa kipaji.

Pia kuna sheria. Kamari Kenya inahitaji leseni, na kucheza karata kwa pesa hadharani kunaweza kukulaza kituoni. Tafuteni zawadi badala ya pesa za kuwekana: mpira, jezi, jogoo. Heshima ni ileile na hakuna atakayelala njaa.

Maswali mnayouliza sana

*Kuna kitu kama kushikwa na nuksi?*
Karata hazikumbuki. Pakiti ikichanganywa vizuri, gemu ya sita haijui ulipoteza tano. Kinachobadilika ni wewe: ukishikwa na hasira unaacha kuhesabu, na hapo unapoteza kweli.

*Nimepoteza tano, si sasa ni zamu yangu?*
Hakuna zamu. Nafasi yako ni ileile.

*Nitajuaje kama mimi ni mkali ama nina bahati tu?*
Daftari. Andika kila gemu: tarehe, ulicheza na nani, ulishinda ama ulipoteza. Usiamini gemu 10, maana hata mtu wa nusu kwa nusu hushinda 6 ama zaidi kati ya 10 karibu mara 38 kwa 100. Lakini kushinda 60 ama zaidi kati ya 100, mtu wa nusu kwa nusu hufanya hivyo chini ya mara 3 kwa 100. Ukifika hapo, tembea kifua mbele. Kabla ya hapo, cheza, hesabu za kulisha, na usisahau kutangaza kadi.